Twazuru Viwanja vya Watu, Vyetu Vyauzwa

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu fadhila ya safari. Wazee wetu walifuata pepo za kaskazi na kusi kwa majahazi, wakafuata elimu kwa masheikh wa Lamu na Unguja, na wakaenda Hija safari iliyowachukua miezi mingi. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika alivyowaona watu, chakula chao na misikiti yao, na hadi leo hakuna aandikaye tarehe ya pwani hii akaweza kumruka. Kwa hivyo mtu akiniambia kuwa amesafiri, simuulizi alikwenda kutafuta nini. Namuuliza ameona nini, na alichokiona amekifanyia nini.

Nayasema haya kwa sababu ya safari moja iliyozusha maneno mengi mtaani Tena, huko Nairobi upande wa mashariki, jirani na Umoja na Donholm, ambako baadhi ya jamaa zetu wa pwani wanaishi kwa ajili ya kazi. Yalipomalizika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja, vijana watano wa mtaa huo, wawili wao wenyeji wa Mombasa, walichanga fedha zao, wakakodi Nissan pamoja na dereva, wakafunga safari ya siku tisa. Hawakwenda harusini wala mazishini. Hawakwenda kutazama mchuano wowote. Walikwenda kuzuru viwanja vya kandanda: kusimama langoni, kuingia wakiruhusiwa, kukaa vitini, kukanyaga nyasi, kupiga picha na kuondoka.

Fikira yenyewe ilitoka Marekani, kwa njia ya mmoja wao ambaye kaka yake yuko huko. Wamarekani wana mchezo wao uitwao besiboli, mchezo wa mpira mdogo unaorushwa kwa nguvu na kupigwa kwa rungu. Katika ligi yao kuu mna timu 30, na viwanja vyao havilingani kwa umbo wala kwa ukubwa. Basi huko ni ada marafiki kupakia gari wakati wa likizo wakazunguka nchi mji hadi mji, na wako watu wanaojigamba kuwa wamevimaliza vyote. Boston kuna Fenway Park, uliofunguliwa mwaka 1912. Chicago kuna Wrigley Field, uliofunguliwa mwaka 1914. Watu huviendea viwanja hivyo kama sisi tunavyokwenda kuuona msikiti wa kale wa Kizimkazi au magofu ya Gedi. Vijana wa Tena wakasema: ikiwa wao wana Fenway, na sisi tunavyo vyetu.

Hapo ndipo maneno yalipogawanyika. Wazee walisema huo ni upuuzi mtupu na israfu ya mali. Mzee mmoja wa makamo yangu alisema barazani, "Mtu huzuru wazazi, huzuru wagonjwa, huzuru makaburi akakumbuka mauti. Kuzuru nguzo za goli ni ziyara gani hiyo?" Vijana nao walijibu kwa adabu, lakini kwa ukaidi, kwamba fedha ni zao, jasho ni lao, na katika safari yao hapakuwa na pombe iliyonywewa wala swala iliyopitwa.

Mimi nasema kuwa kila upande una haki yake, walakin pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe. Mzee anadhani kiwanja ni mchezo. Vijana wanadhani kiwanja ni jengo. Kiwanja si mchezo wala si jengo. Kiwanja ni ardhi, na ardhi ya watu wote ndiyo kitu kinachopungua kwa kasi katika miji yetu kuliko kitu kingine chochote. Mtu akisafiri siku tisa kwenda kuvitazama viwanja, na akarudi hakuliona hilo, basi mzee ana haki ya kumcheka. Akiliona, basi amefanya ziyara yenye faida, na mzee ndiye anayefaa kumwuliza habari.

Kwanza tuliondoe hili la dini, kwani kuna watu wanaodhani kwamba uwanja wa michezo ni jambo tuliloletewa na Mwingereza pamoja na filimbi yake. La hasha. Katika hadithi zilizo sahihi imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na mahali pa mbio hizo pametajwa kwa majina: kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa. Imepokewa pia kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idd, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama hali Mtume amemsitiri. Na Idd yenyewe, sunna aliyotuachia Mtume ni kutoka kwenda kuiswali uwanjani, katika mahali pa wazi panapokusanya mji mzima, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Huo mji usio na uwanja utaitimiza wapi sunna hiyo?

Sasa tuwafuate vijana katika njia yao. Nilizungumza nao waliporudi, sebuleni kwa mmoja wao, baada ya Isha, wakanionyesha picha na kunihadithia kituo kwa kituo.

Siku ya kwanza hawakutoka Nairobi. Kutoka Tena waliipita Donholm wakashika Barabara ya Jogoo, ambayo zamani za Mwingereza iliitwa Donholm Road, wakasimama Jericho katika kiwanja cha Camp Toyoyo, kisha City Stadium. Wazee waliopata kuishi Nairobi wanaujua uwanja huo kwa majina mengi, maana kila zama ziliubandika lake. Hapo ndipo Mwafrika wa Nairobi alipokutana na kandanda tangu kabla ya uhuru. Hapo wachezaji wetu wa Mombasa walikuwa wakija kuwaonyesha watu wa bara namna mpira unavyobembelezwa. Msomaji kijana huenda hajui kwamba mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya Kenya ulitwaliwa na Feisal ya Mombasa, na kwamba majina ya Ali Kajo na Ahmed Breik yalikuwa yakitajwa nchi nzima.

Kutoka hapo walikwenda Kamukunji. Kiwanja hiki kimefanya mambo mengi kuliko kukanyagwa na wachezaji. Wanasiasa walikutana na watu hapo hata jina lake likaingia katika Kiswahili cha Kenya, likawa maana yake mkutano wa hadhara. Tarehe 7 Julai 1990, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, watu walikwenda huko kudai vyama vingi, na serikali ya siku hizo ikawazuia kwa virungu na risasi. Karibu na hapo, katika mtaa wa Muthurwa wa wafanyakazi wa reli, ndiko walikokulia ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter ya Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010; Wanyama akaifunga Barcelona mwaka 2012 akiwa na Celtic. Nawataka wasomaji walikumbuke jambo hili: miguu hiyo haikuanza kupiga mpira juu ya zulia la nyasi. Ilianzia vumbini, katika viwanja vya mtaa.

Alasiri walifika Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, na Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa Wachina kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Hapo Kasarani ndipo Misri ilipotunyang'anya dhahabu ya kandanda mwaka huo kwa goli moja bila. Hapo pia, Julai 2019, Kariobangi Sharks, timu ya jirani kabisa na Tena, ilitoka sare ya 1-1 na Everton ya Uingereza, kisha ikaishinda kwa penalti 4-3. Vijana walilala wakiwa na furaha. Mmoja wao akaniambia, "Ami, ukisimama pale katikati ya Kasarani unajiona mdogo kama sisimizi, lakini unajiona Mkenya."

Maneno mazuri. Walakin nilimwuliza: siku mliyokwenda, nani alikuwa akicheza humo? Akasema hakuna mtu. Palikuwa na askari wa lango na mkata nyasi. Nikamwuliza, na Camp Toyoyo? Akacheka: kule walikosa hata pa kusimama, maana timu zilikuwa zikingojana, moja ikitoka nyingine ikiingia, na watoto wamejipanga pembeni na mipira yao ya matambara.

Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka tuifanye. Uwanja mkubwa hukusanya watu siku chache za mwaka. Kiwanja cha mtaa hufanya kazi kila siku ya Mungu, tangu alasiri hadi adhana ya Magharibi. Nchi yetu, mwaka 2023, pamoja na Tanzania na Uganda, ilipewa heshima ya kuandaa Kombe la Afrika la 2027, na kwa ajili hiyo mwaka 2025 ukaanza kujengwa uwanja mpya wa Talanta kando ya Barabara ya Ngong, wenye nafasi ya watu 60,000. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ninachouliza ni hiki: hao watakaocheza ndani yake miaka kumi ijayo, leo wanacheza wapi?

Kutoka Nairobi vijana waliteremka njia ya Mombasa, zaidi ya kilomita 480. Walipofika kwetu walikwenda Mbaraki, nyumbani kwa Bandari, uwanja wa Mamlaka ya Bandari, wakaufurahia. Kisha wakaomba kupelekwa Uwanja wa Manispaa, ule ambao baba zao waliwahadithia. Hapo, waliniambia, hawakupiga picha. Uwanja ule ulivunjwa wakati wa gavana wa kwanza wa kaunti, aliyeondoka mwaka 2022, kwa ahadi ya kujengwa mpya ulio bora zaidi. Akaja gavana wa pili, na kazi ikawa bado. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi ulipobomolewa alikuwa mtu mzima na ndevu zake kabla ya kupata pa kukaa kutazama mpira katika uwanja wa mji wake. Sitaki kuingia katika lawama za nani alifanya nini. Nasema tu kwamba kubomoa ni kazi ya siku moja.

Kutoka Mombasa walipita Lunga Lunga na Horohoro wakaingia Tanga. Wakauona Mkwakwani, uwanja wa Coastal Union, waliokuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1988. Wakenda Dar es Salaam kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000. Wakaiacha Nissan Dar, wakapanda boti hadi Unguja kuuona Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Wachina mwaka 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Disemba 2023. Unguja ndiko walikopapenda zaidi. Nilipouliza sababu, yule mwenyeji wa Mombasa hakunitajia Amaan. Alinitajia Mnazi Mmoja: kwamba katikati ya mji, mahali ambapo ardhi ni ghali kama dhahabu, pangali na uwanda wa wazi wenye miti mikubwa, watu wanacheza, wengine wamekaa, na hakuna lango wala anayekuuliza unatafuta nini.

Nikamwambia: sasa umeona.

Kwa nini nasema ameona? Kwa sababu yeye na wenzake walirudi Tena, na Tena hakuna hilo. Tena ni mtaa wa watu waungwana na kazi zao. Jirani yake Umoja ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa msaada wa Wamarekani, nyumba za chini zilizopangwa kwa ramani, zenye uwazi baina yake. Tangu hapo nyumba zimepanda juu zikawa maghorofa, watu wameongezeka, na ule uwazi umeliwa kipande kwa kipande: hapa kibanda, pale mahali pa kuoshea magari, pale ukuta ambao hakuna ajuaye ulianza lini. Watoto wa pande hizo hucheza palipobaki, vichochoroni na kandokando ya kuta, na mpira ukitoka hutokea barabarani penye matatu.

Wala si jambo la Tena peke yake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa urefu namna ardhi ya umma ya Kenya ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na viwanja vya michezo vilikuwa miongoni mwa vilivyoliwa. Mwezi Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipojaribu kuusukuma wakapigwa kwa moshi wa kutoa machozi, watoto wadogo wenye sare za shule, na picha zao zikaonekana dunia nzima. Kelele zikawa kubwa na uwanja ukarudishwa. Lakini ni viwanja vingapi ambavyo havikupata mpiga picha?

Hata hao Wamarekani, ambao vijana wetu wamewaiga, wanalijua donda hili. Mtaa wa Brooklyn, New York, ulikuwa na uwanja wa besiboli uitwao Ebbets Field. Baada ya msimu wa 1957 wenye timu wakaihamishia Los Angeles, na mwaka 1960 uwanja ukabomolewa, mahali pake pakajengwa maghorofa ya kupangisha. Wazee wa Brooklyn waliulilia kama mtu alivyoliliwa. Lakini uwanja ulikuwa mali ya mwenye mali, na mwenye mali alifanya alivyotaka. Mapenzi ya watu si hati ya ardhi.

Na hapo ndipo nataka kusema nilichokusudia kuwaambia ndugu zangu wa pwani. Sisi, kuliko watu wengine wa nchi hii, tuna dawa ya ugonjwa huu, na dawa hiyo iko ndani ya nyumba yetu. Dawa hiyo ni wakfu.

Kila mtu aliyesoma chuoni anaijua habari ya Sayyidna Umar (R.A.), alipopata ardhi huko Khaibar akaipenda kuliko mali yake yote, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri. Ushauri aliopewa ni kuizuia ile ardhi yenyewe na kuitoa sadaka faida yake. Basi ikawa ardhi isiyouzwa, isiyorithiwa wala isiyotolewa zawadi, na faida yake ikawaendea masikini, jamaa, wasafiri na wenye haja. Kwa msingi huo wazee wetu wakaweka wakfu misikiti, visima, makaburi, mashamba na nyumba, toka Lamu hadi Vanga. Pana mahali Mji wa Kale ambapo hadi leo hapakujengwa duka la simu kwa sababu moja tu: bibi mmoja, karne iliyopita, alisema mbele ya mashahidi kwamba hapo ni pa Mwenyezi Mungu.

Kwa nini basi tusiwe na wakfu wa kiwanja? Mwenye shamba la minazi la ekari kumi nje ya mji, ambalo watoto wake wote wako Jeddah na Muscat wala hawana haja nalo, akitoa ekari mbili akasema: hapa ni pa watoto wa kijiji hiki wapate kucheza, hapa mtaswalia Idd, hapa mtaweka hema la harusi na la msiba, na hapa hapatauzwa abadan, je, hakuacha sadaka yenye kuendelea? Kila alasiri watoto hamsini watakapokimbia hapo badala ya kukaa vibarazani kufundishwa kuvuta unga, yeye kaburini mwake anaandikiwa. Sisi tumezika vijana wengi mno kwa ajili ya unga. Tunawaombea dua, tunawalaumu wauzaji, tunawalaumu polisi. Lakini kijana asiye na kazi wala kiwanja, kuanzia alasiri hadi usiku, tumemwambia aende wapi?

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema wakfu ni wa ibada, si wa mpira. Hilo nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu, nami naomba walijibu mbele ya watu. Lakini nitawakumbusha kwamba wazee waliweka wakfu visima, na kunywa maji si swala. Na kiwanja kinachoswaliwa Idd mara mbili kwa mwaka kina hoja yake. Huko Nairobi Waislamu kwa maelfu huswali Idd katika uwanja wa Sir Ali Muslim Club, ambao ni uwanja wa michezo. Waliouanzisha walielewa kuwa mahali pamoja paweza kufanya kazi mbili.

Wa pili atasema, na huyu ana uchungu wa haki, kwamba hata wakfu zimeliwa. Zimeliwa na wasimamizi, zimeliwa na warithi, zimepangishwa kwa shilingi chache kwa miaka mingi. Ni kweli. Lakini dawa ya wakfu ulioliwa si kuacha kuweka wakfu, kama vile dawa ya msikiti wenye imamu mbaya si kuacha kuswali. Dawa ni kuandika vizuri: mipaka ipimwe, hati itolewe, wasimamizi wawe zaidi ya mmoja na watajwe kwa majina, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwaka. Kenya imekuwa na sheria ya wakfu na tume yake tangu zama za ukoloni. Chombo kipo. Kilichobaki ni sisi kukibana kifanye kazi.

Wa tatu atasema kuwa viwanja vingi si vya mtu, ni vya serikali, na mtu hawezi kuweka wakfu asichokimiliki. Amesema kweli kabisa. Kwa viwanja hivyo kazi ni nyingine, nayo ni kudai hati. Kila kiwanja cha shule, kila kiwanja cha mtaa, kipimwe na kipewe hati kwa jina la umma, na nakala ibandikwe mahali watu wataiona. Mtaa usiojua namba ya kiwanja chake umeshaanza kukipoteza.

Na mtu asiseme kwamba watu wadogo hawana la kufanya. Tangu mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana wa Mathare, hapo hapo Nairobi, kimekuwa na kanuni nzuri: timu hupata pointi kwa kushinda, na hupata pointi kwa kusafisha mtaa wake. Humo ikazaliwa Mathare United, ikatwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Watoto wanaofagia kiwanja wanakihesabu kuwa ni chao, na mtu akija na mawe ya kujengea, ni wao wa kwanza kumwuliza amepewa na nani.

Basi kwa vijana wa Tena nina ombi moja. Safari yenu ni njema, na wengine waifuate. Afadhali mtu atumie likizo yake kwa viwanja kuliko kwa mambo tusiyoyataja. Lakini mtakaporudi njiani, chukueni daftari. Kila kiwanja mtakachofika ulizeni mambo matatu: hati iko kwa nani, siku isiyo na mechi nani anacheza humo, na mtoto asiye na shilingi anaingiaje. Muanze na Tena yenyewe, tena kabla ya kukodi Nissan. Tembeeni kwa miguu, muandike kila kipande kilichobaki wazi, kisha muende katika ofisi ya ardhi mkaulize kinaitwaje katika ramani. Huenda mkakuta kwamba kiwanja mlichokuwa mkikitafuta hadi Unguja kimeandikwa katika ramani ya mtaa wenu, na kuna mtu ameegesha malori juu yake.

Kwa wazee wenzangu nasema: tusiwacheke. Sisi tulivikuta viwanja, tukavichezea, tukavizeekea, na vingine tukaviona vikiuzwa tukanyamaza kwa kuwa muuzaji alikuwa jamaa au mkubwa. Hawa hawakuvikuta. Wanakwenda kilomita mia kadhaa kuvitafuta.

Nimewaandikia vijana hao ubeti mmoja, waubandike kwenye Nissan yao wakitaka:

Kiwanja kikishauzwa, hakirudi kwa majuto,
Watoto wakafukuzwa, wakacheza kwenye mto,
Idi ije twaulizwa, swala wapi, na watoto?
Cha wote kikishatunzwa, ni kheri kuliko pato.